Figa la Tatu

Figa moja haliinjiki chungu, walisema wahenga, na yeyote aliyewahi kupika kwa kuni anajua kwamba hata mawili hayatoshi. Lazima yawe matatu. Lile la tatu haliongezi moto wala haliivishi ugali upesi zaidi. Kazi yake ni kuzuia chungu kisipinduke. Katika nyumba zetu za leo hapa Sengerema kuna figa jingine la tatu, ambalo wengi hawalijui kwa jina hilo. Ni ile pini ndefu kuliko wenzake katika plagi ya umeme. Nayo haiwashi taa, haichemshi maji, wala haiimbishi redio. Kwa sababu hiyo watu huikata kwa koleo, au huidanganya soketi kwa kijiti ili plagi ya pini mbili ipate kuingia.

Kwa muda mrefu nimejiuliza inakuwaje watu walewale, ambao kwa moto wa kuni ni waangalifu kupindukia, wawe wazembe kiasi hiki mbele ya umeme. Nimefikia kuamini kwamba jibu halimo katika ujinga wala ukaidi. Jibu limo katika historia. Moto tuliupokea pamoja na masimulizi yake. Umeme tumeupokea bila masimulizi.

Ndugu msomaji, wazee wetu wa upande huu wa ziwa, Wazinza na Wasukuma, waliishi na moto ndani ya nyumba za nyasi. Jambo hilo peke yake latosha kutushangaza. Paa lote lilikuwa kuni kavu, na chini yake moto uliwaka kila siku. Wangewezaje kulala? Waliweza kwa kuwa moto ulikuwa na sheria, na kila mtoto alizijua kabla hajajua kuhesabu. Bibi yangu hakuruhusu mtu kulala kabla kaa la usiku halijafukiwa katika majivu. Mtoto aliyetumwa kuomba moto kwa jirani aliubeba katika kigae na kuufunika, wala hakuthubutu kukimbia nao upepo ukivuma. Hakuna aliyeeleza sababu kwa maneno mengi. Ilitosha kuambiwa kwamba kaya fulani, mwaka fulani, iliteketea kwa kaa moja lililosahauliwa. Kila sheria ilikuwa na marehemu wake.

Tena moto wenyewe ulikuwa mwalimu mwema. Palipo na moshi hapakosi moto. Moto hunuka, hung'aa, hulia, na kabla haujakuunguza hukupa joto la kukuonya. Mtoto mdogo akiukaribia mara moja, hahitaji kuambiwa mara ya pili.

Kisha maisha yakabadilika. Tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kwamba kazi hiyo iwe imekamilika ifikapo mwisho wa mwaka 1976. Katika Usukuma, ambako kaya zilikuwa zimetawanyika, kila moja na mashamba yake, watu walihamishwa wakapangwa kwa mistari kando ya barabara. Zamani kaya ikiwaka, iliwaka peke yake. Sasa nyumba zikawa zinatazamana. Wakati uleule bati lilizidi kuchukua nafasi ya nyasi kwa wale waliopata fedha za pamba, ng'ombe au samaki, na watu wakashusha pumzi wakidhani kwamba hatari ya moto imepungua. Katika jambo moja walikuwa sahihi. Katika jingine, kama tutakavyoona, bati lilikuwa linangoja hatari yake yenyewe.

Mwanga wa enzi hizo ulikuwa wa mafuta ya taa. Ndani ya nyumba kulikuwa na koroboi, yaani kopo lenye utambi lisilo na kioo, na kwa wenye nafasi palikuwa na chemli. Ziwani wavuvi wa dagaa walitumia karabai, na usiku wa giza ukisimama mwaloni uliona ziwa limejaa taa kama mji. Mafuta ya taa nayo yalikuwa na sheria zake, nazo tulizijifunza upesi: usijaze taa inayowaka, usiweke koroboi karibu na chandarua, usinunue mafuta yaliyochanganywa na petroli. Pale sheria hizo zilipopuuzwa au kukosekana, taifa lilizika watoto. Mwezi Juni 1994, katika shule ya sekondari ya wasichana Shauritanga, Rombo, bweni liliungua usiku na wasichana zaidi ya 40 wakafa. Mwezi Agosti 2009 bweni la sekondari ya Idodi, Iringa, liliungua na wanafunzi 12 wakafa. Misiba yote miwili ilielezwa kuwa ilianza kwa mshumaa.

Hapa sina budi kutaja jambo chungu ambalo sisi wa Kanda ya Ziwa tunalijua na hatupendi kulisema. Moshi wa jikoni, hasa pale kuni zilipoadimika na watu wakapikia mabua na kinyesi cha ng'ombe, uliwafanya akina mama wazee kuwa na macho mekundu. Kwa macho hayo mekundu wengi waliitwa wachawi, wakauawa kwa mapanga. Ni mauaji yaliyoandikwa sana katika magazeti ya nchi hii. Ninayataja kwa sababu yanatufundisha jambo kubwa: pale sababu ya madhara isipojulikana, watu humtafuta mtu wa kulaumu. Moshi ulionekana na kila mmoja, na bado watu hawakuona kwamba ndio uliowekundisha macho. Je, itakuwaje kwa kitu kinachoua bila moshi, bila harufu, na bila rangi?

Umeme uliingia nchini zamani, lakini ulichukua muda mrefu kutufikia. Mwaka 1908, enzi ya Wajerumani, ulikuwa tayari unatumika Dar es Salaam, katika karakana za reli na sehemu walizoishi Wazungu. Mwaka 1931, chini ya Waingereza, ziliundwa kampuni mbili: DARESCO kwa ajili ya Dar es Salaam, na TANESCO kwa ajili ya sehemu nyingine. Baada ya Uhuru Serikali ilinunua hisa hatua kwa hatua, hadi mwaka 1975 ikazimiliki zote. Mitambo ya maji ya Kidatu na baadaye Mtera ikajengwa, na katika miaka ya 1980 nguzo kubwa za gridi zikapita Dodoma, Singida na Shinyanga hadi Mwanza. Lakini kijijini taa iliendelea kuwa koroboi. Sheria ya Nishati Vijijini ilitungwa mwaka 2005, na Wakala wa Nishati Vijijini, ambao kila mwanakijiji anauita REA, ulianza kazi mwaka 2007. Wakati huo vijiji vyenye umeme Tanzania Bara vilikuwa 506 tu, kati ya zaidi ya 12,000. Leo nguzo zimefika karibu kila kijiji, na mwanakijiji ameunganishiwa kwa shilingi 27,000. Zile nyumba zilizopangwa kwa mistari kando ya barabara ndizo zilizokuwa rahisi kufikiwa.

Hebu tafakari kasi hiyo. Moto tuliishi nao tangu kuumbwa kwa dunia. Mafuta ya taa tulikuwa nayo kwa vizazi vitatu au vinne. Umeme, kwa kaya nyingi za wilaya hii, haujafikisha hata miaka 15. Hakuna bibi kijijini ambaye bibi yake alimfundisha habari za soketi.

Waliotutangulia katika jambo hili hawakuzaliwa na busara. Nao walijifunza kwa misiba. Mwaka 1882, taa za umeme zilipoanza tu kuingia katika nyumba za London, wahandisi wa simu za waya wa Uingereza walikaa wakatunga kanuni, na kichwa cha kanuni hizo hakikutaja mwanga wala maendeleo: zilikuwa kanuni za kuzuia hatari ya moto itokanayo na taa za umeme. Kanuni hizo zimerekebishwa tena na tena hadi leo, na ndizo zilizosambaa katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza, yetu ikiwamo.

Halafu ikaja vita kuu ya pili. Mabomu yalikuwa yamebomoa nyumba nyingi, na Serikali ya Uingereza ikaunda kamati ya kufikiri nyumba mpya zitafungwa umeme wa namna gani. Katika kamati hiyo ya watu 20 palikuwa na mwanamke mmoja, Caroline Haslett, mhandisi aliyekuwa kiongozi wa chama cha wanawake cha mambo ya umeme. Taarifa yao ya mwaka 1944 ilisisitiza kwamba, kwa usalama wa watoto wadogo, matundu ya soketi yawe na vifuniko ndani. Mwaka 1947 ikatoka plagi ya pini tatu bapa, ileile tunayoitumia Sengerema. Pini ya tatu ilifanywa ndefu kwa makusudi: hutangulia kuingia, na kwa kuingia kwake huvifungua vifuniko vya matundu mawili yenye umeme. Mtoto akichomeka msumari katika tundu la chini, atakuta mlango umefungwa.

Sasa, ndugu msomaji, tazama tunavyofanya. Tumenunua chaja au redio yenye pini mbili nyembamba, soketi imekataa, tunachukua kalamu au kijiti tunakichomeka katika tundu la juu, mlango unafunguka, tunasukuma pini zetu. Mtoto wa miaka mitatu ameketi mkekani anatazama. Amefundishwa siku hiyo kwamba soketi hufunguliwa kwa kijiti. Kesho, kama hakuna kijiti, atatumia msumari au kijiko. Ule mlango uliofikiriwa kwa ajili yake, tumemwonyesha ufunguo wake.

Kazi ya pili ya pini hiyo ni kubwa zaidi. Imeungwa na waya ambao mafundi huuita ethi, unaotoka katika gamba la chuma la pasi, birika au jiko la umeme hadi katika fimbo iliyopigiliwa ardhini nje ya nyumba. Waya wa moto ukichubuka ndani ya pasi na kugusa gamba, umeme hupata njia ya haraka ya kwenda ardhini, na kwa wingi wake hukata fyuzi au kuangusha swichi kuu. Pini hiyo ikikatwa, umeme hauna pa kwenda. Utakaa katika gamba la pasi, kimya, ungoje mkono wa mtu. Redio ndogo na chaja nyingi zilizoundwa na gamba la plastiki hazihitaji ethi, ndiyo maana zina pini mbili. Dawa ya pini zake nyembamba ni kununua adapta iliyo nzima yenye pini tatu. Lakini chochote chenye mwili wa chuma na kinachochemka, kikikosa figa la tatu, ni mtego.

Wengi hudhani fyuzi inamlinda mtu. Sivyo. Fyuzi inalinda waya usipate moto ukaunguza nyumba. Fyuzi ya plagi yetu ni ya ampea 13, ilhali vifaa vinavyotengenezwa kwa ajili ya kumlinda binadamu hukata umeme unaovuja ukifika milliampea 30 tu, yaani fyuzi hiyo inapitisha zaidi ya mara 400 ya kiasi hicho. Huko California, Marekani, mhandisi Charles Dalziel alipima watu waliojitolea, aone ni kiasi gani cha umeme mtu anaweza kukishika na bado akaweza kuachia. Aligundua kwamba kwa wastani wanaume huweza kujinasua hadi kama milliampea 16, na wanawake kama 10 na nusu. Zaidi ya hapo misuli ya mkono hujikunja na kung'ang'ania. Waswahili bila kupima chochote tulikuwa tumekwisha kulijua hilo, maana husema mtu amenaswa na umeme, kama vile ndege anavyonaswa na ulimbo. Mwaka 1961 Dalziel alibuni kifaa kinachohisi umeme unaovuja na kuukata kabla moyo haujasimama. Kifaa cha aina hiyo kinauzwa leo katika maduka ya vifaa vya umeme Mwanza, na bei yake haifiki ya mbuzi mzuri.

Nirudi kwenye bati. Waya unaopita juu ya kuta hadi darini, ukibanwa na msumari au kutafunwa na panya, huligusa bati. Na bati ni chuma. Paa lote hupata umeme, na kamba ya kuanikia nguo, ambayo kwetu mara nyingi ni waya wa chuma uliofungwa kwenye kenchi, hupata pia. Mama anatoka na beseni la nguo mbichi, miguu peku, ardhi imelowa. Hakuna moshi. Hakuna harufu. Na watu watakapomkuta chini, bila jeraha la kuonekana, katika kijiji ambacho bado kinakumbuka mapanga ya macho mekundu, sitaki kufikiri ni nani atakayetajwa kwanza. Kujua sababu ni ulinzi kwa watu wawili: yule ambaye angekufa, na yule ambaye angesingiziwa.

Dawa ya bati ni ethi njema, lakini nayo Sengerema ina taabu zake. Ardhi yetu sehemu nyingi ni mawe, na fundi aliyechoka huikata fimbo fupi akaifukia kidogo tu. Wakati wa kiangazi udongo hukauka, na udongo mkavu haupokei umeme vizuri. Tena kuna wezi wanaong'oa waya wa shaba kwenda kuuza chuma chakavu. Kwa hiyo ethi iliyopimwa siku ya kwanza haiwi njema milele. Fimbo ipigiliwe mahali penye unyevu, izame vya kutosha, na mwenye nyumba azoee kuitazama kama anavyotazama bawaba za mlango.

Nilisikia mazungumzo kwa jirani, mjane aliyekuwa akifungiwa umeme na kijana mmoja wa wale tunaowaita vishoka.

"Fundi, mwanangu, na huu waya wa kijani nao ni wa nini?" aliuliza.

"Huo ni wa urembo tu, mama. Taa itawaka hata bila huo. Tukiuacha utaokoa fedha."

Mama akafurahi, na taa kweli iliwaka. Huo ndio ugumu wa jambo lenyewe. Nyumba iliyofungwa vibaya huwaka taa sawasawa na iliyofungwa vizuri, na tofauti yao huonekana siku moja tu. Ndiyo sababu sheria inataka fundi awe na leseni, ambayo sasa hutolewa na EWURA, na mteja ana haki ya kuomba kuiona. Kwa nyumba ya chumba kimoja au viwili ipo pia UMETA, yaani Umeme Tayari, ubao uliokwisha kufungwa swichi na soketi zake, unaopunguza waya wa kutandaza. Lakini mjane wetu asingehitaji kujua haya yote. Angehitaji kujua kisa kimoja tu cha pini ya tatu, naye angemjibu kijana yule ipasavyo.

Liko jambo jingine ambalo nchi yetu imelijua kuliko kanuni za London, nalo ni kukatika kwa umeme. Tuliokuwapo miaka ya mgawo, 1992, 1994, 2006 na 2011, tunakumbuka. Umeme ukikatika mtu anapiga pasi, huiacha juu ya nguo akaenda zake, kwa kuwa pasi imekuwa baridi. Mshumaa huwashwa na kubandikwa juu ya televisheni. Hapo hatari ya zamani na hatari mpya zinalala chumba kimoja. Saa nane ya usiku umeme unarudi kwa kishindo. Kwa hiyo umeme ukikatika, chomoa pasi, jiko na birika kwanza, ndipo utafute kiberiti.

Na usitegemee sana msaada wa mbali. Namba ya Zimamoto ni 114, nayo ipigwe bila kusita. Lakini hadi Juni 2025, lilipofunguliwa daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilometa 3, gari lolote kutoka Mwanza mjini lilipaswa kungoja kivuko, na watu wa visiwa vya Kome na Maisome hata leo wana maji pande zote. Moto wa umeme usiumwagie maji. Zima swichi kuu, kisha tupa mchanga. Mtu aliyenaswa usimshike. Kata umeme kwanza, au msukume kwa mti mkavu ukiwa umesimama juu ya kitu kikavu.

Sheria hizi si nyingi kuliko zile za bibi. Kilichopungua ni kwamba hazijawa na simulizi. Nyumbani kwangu wajukuu wakiniona nachomeka plagi, huwaonyesha pini ndefu na kuwasimulia habari za mabomu ya London, na mama mmoja aliyekaa katikati ya wanaume 19 akiwafikiria watoto. Mdogo wao, ambaye hajaanza shule, juzi alimkatalia mgeni wetu aliyetaka kufungua soketi kwa kalamu. Alimwambia, "Babu amesema huo ni mlango wangu." Mgeni akacheka, akaomba adapta.